Gazoni ya sintetiki mu parseli ya Goma: maswali yenu

Jambo yenu wote. Tangu niseme hapa kama kazi yangu ni kutandika gazoni ya sintetiki, yale majani ya plastiki ya viwanja vya kuchezea, ku nyumba za watu, maswali haiishi. Nachukua yale yanayorudi sana.

Papa mmoja wa Majengo: "Parseli yetu iko juu ya lava ya Nyiragongo ya 2002, mawe matupu. Naweza kumwaga mchanga kidogo nisawazishe, halafu nitandike gazoni juu?"

Papa, nakuomba usifanye ivo. Mimi nilishafanya hilo kosa, kiwanja changu cha kwanza kabisa, na bado kinaniuma. Lava yetu iko na matundu kama sifongo, maji yanapita humo mbio, na mchanga mwembamba unafuata maji. Mvua ya miezi miwili tu, pale katikati gazoni ikaanza kubonyea, jino la jiwe kama kidole gumba likatokea chini yake, wewe ukitazama hulioni, na mtoto wa mwenye nyumba akaangukia goti pale pale. Nilitoa rulo zote za gazoni nikaanza upya kwa pesa yangu.

Kazi yenyewe iko chini, gazoni ni nguo tu ya kuvalisha. Vunja ncha zote za lava kwa masi (nyundo kubwa) na barimini (mtaimbo), jaza mashimo na mawe makubwa, shindilia, kisha tandika kitambaa cha bidimu ambacho kinaacha maji yapite lakini kinashika mchanga, juu yake kokoto iliyosagwa, sentimita 10 hivi, shindilia tena, na mwisho tabaka jembamba la vumbi la kokoto ndo la kusawazisha. Acha mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Vuta kamba toka kona mpaka kona, piga magoti uangalie chini ya kamba kama mwanga unapita sawa sawa, penye panapita mwingi kuna shimo. Kama pesa iko kidogo, punguza ukubwa wa kiwanja, usipunguze hiyo kazi ya chini.

Mama wa kuelekea Sake: "Nyuma ya nyumba kuna bonde dogo, nilifikiri kiwanja kikae mule ili balo (mpira) isitoke kwa majirani."

Mama, hapa nasimama kwanza. Upande huo kuna mazuku, na wewe mwenyeji unajua hilo neno kuliko mimi. Ni gaz karboniki inayotoka mu udongo, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inalala penye pako chini, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo haupigi. Mtoto ni mfupi, akiinama kuokota balo mule shimoni kichwa chake kiko ndani ya gaz yenyewe. Ukikuta mijusi, ndege ao wadudu wamekufa mule, usiingie na usitume mtu. Watu wanapimaka na mshumaa, ukizimika ni hatari, lakini ukiendelea kuwaka haimaanishi pako salama, gaz inaweza kudhuru mtu mbele ya kuzima moto, na tena inabadilika siku kwa siku. Uliza watu wa OVG, wale wanaofuata volkano, waje kupima. Na hata wakisema pako muzuri, mimi ningejaza hilo bonde na mawe mpaka liwe sawa na parseli, halafu kwa balo nisimamishe nyavu ya mita 3. Nyavu inanunuliwa, mama, mtoto hanunuliwi.

Kijana wa Himbi: "Tuko na nafasi ya mita 8 kwa 12. Tunataka kucheza futi na basket pamoja, tuchukue gazoni yenye nyuzi za urefu gani?"

Ile ndefu ya milimita 40 mpaka 60 ni ya futi, kama ile unaona ku viwanja vikubwa (TP Mazembe kule Lubumbashi walifungua kiwanja chao cha sintetiki 2011), lakini ukidunda balo ya basket juu yake inakufa palepale. Chukua fupi, milimita 15 ao 20, nyuzi zilizosongamana, jaza mchanga kati yake. Nayo haidundi kama sima (sementi), nakwambia ukweli, ndiyo maana chini ya ringi ningeacha kipande cha sima bila gazoni. Ringi ya wakubwa ni mita 3.05, kwa wadogo shusha. Rulo nyingi ziko na upana wa mita 4, kwa hiyo mbili za mita 12 zinakutosha na unabaki na mshono mmoja tu. Angalia nyuzi za rulo zote mbili zilale upande mmoja, la sivyo utaona rangi mbili maisha yote. Na gundi usiipake siku ya mvua, ngoja Juni ao Julai.

"Watoto wanacheza miguu mitupu, jua haitawachoma?"

Itawachoma saa sita, ndiyo. Plastiki inapata moto kuliko majani, jua likiwaka inaweza kupita digri 60. Kumwaga maji kunapoza kidogo tu halafu moto unarudi. Wacheze kuanzia saa kumi, ao panda miti upande wa magharibi.

"Zile punje nyeusi za pneu (matairi) za kujaza kati ya nyuzi ni mbaya? Jirani anasema Ulaya wamezikataza."

Umoja wa Ulaya uliamua 2023 kusimamisha kuuza hizo punje, na wametoa muda mpaka 2031, sababu ni plastiki ndogo ndogo inayotawanyika. Hapa kwetu mvua ikizibeba zinaenda wapi kama si ziwani, na ni maji hayo hayo watu wanateka na bidoni. Mimi siziweki. Naweka mchanga mkavu wa punje za mviringo, kilo 20 hivi kwa mita mraba, kwa kiwanja cha 8 kwa 12 ni karibu tani 2. Ule mweusi wa volkano acha, uko na makali, unakata nyuzi na magoti.

"Na kusafisha, maji yenyewe ni ya kununua?"

Maji hauhitaji mingi. Fagia na brosi ngumu kila wiki, ukienda kinyume na penye nyuzi zinalala. Volkano ikitupa majivu, fagia yakiwa makavu, mbele mvua iyashindilie ndani. Na mbele ya goli ongeza mchanga kila baada ya miezi michache, pale ndo unaishaka wa kwanza.