Kabla maktaba ya chuo haijaagiza programu ya simu

Kila semina ya wakutubi ikiisha, kuna mkuu wa maktaba anayerudi na wazo lilelile: nasi tuwe na programu yetu ya simu. Kwa niliyoyaona nikiwa kaunta ya maktaba ya chuo, nasema subirini kwanza. Simu ya mwanafunzi imejaa video na bando lenyewe ni la kubana. Programu anayoifungua mara mbili kwa muhula ndiyo ya kwanza kufutwa. Kama mnatumia Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, katalogi yake hujipanga vizuri tu kwenye kioo kidogo. Mfundisheni kuiweka kwenye skrini ya mwanzo, basi.

Nguvu mwekeze kwenye meseji za kawaida. Zinamfikia hata mwenye kitochi, hata aliyeishiwa bando. Koha inaweza kumkumbusha mtu kwamba tarehe ya kurudisha imekaribia, au kwamba kitabu alichoomba kuwekewa kimeshapatikana. Mnachohitaji ni kuiunganisha na kampuni inayotuma meseji kwa wingi. Ila hapo kwenye maneno ndipo hela inapovuja. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukinakili ujumbe kutoka Word, ukaja na ile alama iliyopinda ya “ng’”, au ukabandika kaemoji ka kitabu, kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe uleule unaweza kulipiwa kama meseji mbili au hata tatu. Tumieni alama iliyonyooka. Wetu unasomeka hivi: “MAKTABA: Kitabu ulichoazima kinatakiwa Ijumaa. Kuongeza muda, ingia kwenye akaunti yako.” Habari za “mpendwa mteja wetu” waachieni mabenki.

WhatsApp nayo ni nzuri kwa maswali, mradi laini iwe ya maktaba na simu ilale kaunta. Akitumia namba yake, mkutubi ataulizwa mitihani ya miaka iliyopita saa sita usiku, na siku akienda likizo huduma inaondoka naye. WhatsApp Business ni ya bure na inajibu yenyewe baada ya saa za kazi. Magrupu mimi siyataki: namba ya binti wa mwaka wa kwanza inaonekana na kila mtu, na usumbufu huanzia hapo.

Kilio kikubwa lakini ni majarida. Mengi ya kulipia hufunguka kwa kutambua mtandao wa chuo, kwa hiyo mwanafunzi akienda fildi Songea anakutana na ukurasa unaomdai dola. Wabaneni watu wa TEHAMA waweke njia ya kuingia ukiwa mbali, kama EZproxy, kisha ijaribuni nje ya geti, kwa simu ya bei rahisi na bando lenu wenyewe. Mkiijaribia ofisini kila kitu kitafunguka, na mtapigiana makofi bure.

Na kwa kuwa bando ni la kubana, tasnifu zilizoskaniwa kwa rangi, huku ndani ni maandishi meusi matupu, zipunguzeni uzito kabla hamjazipandisha mtandaoni.