Blanketi ni la sufuria

Mwanangu, baba yangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa jikoni, ya pili na baba yako, ya tatu peke yangu kitandani, nikaona kujibu kwa voisi haitoshi, ngoja nikae niandike. Umesema Jumamosi umeamka saa tano, ukabaki kitandani na simu, ukatoka saa kumi kununua maziwa ukakuta giza limeshaingia, ukarudi kulala mpaka kesho. Halafu ukauliza, mama wewe ulikaa London miaka kumi na moja, winter ulikuwa unaenda wapi wikendi bila kumaliza hela, na ulikuwa unapika nini, maana chakula cha huku kinajaza tumbo ila mwili unabaki na baridi yake.

Kwanza huo sio uvivu, usijitukane. Mwezi wa kumi na mbili huko jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi kasoro limeshazama, sisi watu wa Tororo, Uganda, tangu tuzaliwe mchana ni masaa kumi na mbili usiku masaa kumi na mbili, mwili wako haujawahi kuona mambo kama hayo. Nunua vidonge vya vitamini D leo, vya maikrogramu 10, kimoja kwa siku, hata serikali yao yenyewe inashauri hivyo kwa watu wote vuli na winter, na sisi wa ngozi nyeusi wanatushauri mwaka mzima. Ni bei ndogo sana. Usingoje mshahara.

Sasa nikwambie nilivyofanya mimi. Nilifika Oktoba 1999, nikapata kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na winter ya kwanza nililala kama wewe unavyolala, nikitoka kazini giza nikiamka giza, wiki nzima sijaona jua. Chumba changu kilikuwa na umeme wa kulipia kabla, ukiwasha jiko masaa mawili kuchemsha maharage unasikia kabisa hela inaondoka. Siku moja nikamkumbuka mama yangu, bibi yako, kule nyumba za reli tulikokulia, makaa yakikaribia kuisha alikuwa anaitoa sufuria ya maharage jikoni ikiwa inachemka, anaifunga magunia, anaiweka kwenye pembe, anaenda zake shambani. Akirudi yameiva. Nikavua blanketi langu kitandani nikafunga sufuria. Halafu nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, blanketi sina, sufuria haitakiwi kufunguliwa masaa manne, nikasema basi ngoja nivae koti nitoke.

Ndo ilivyoanza hivyo mwanangu, na sikuacha mpaka narudi Uganda. Kila siku ya ofu blanketi ni la sufuria, mimi njiani.

Fanya hivi. Usiku loweka maharage mekundu. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, na hapa unisikilize vizuri, yaache yachemke kwa nguvu kabisa dakika kumi nzima kabla hujapunguza moto, kwa sababu maharage mekundu yana sumu isiyotoka kwa moto mdogo, utatapika mpaka ulie, na hizo sufuria za umeme za kupika polepole usiyatie mabichi hata siku moja. Baada ya hapo yaendelee kuchemka nusu saa hivi, sufuria iwe nzito na imejaa vizuri, mfuniko usipumue. Itoe, zungushia taulo, halafu blanketi, iweke kwenye boksi. Toka nyumbani kabla ya saa sita. Ukirudi unarudisha jikoni ichemke tena vizuri, yakiwa bado magumu unayaacha hapo hapo mpaka yalainike, ndo uyaunge.

Kuunga nakujua unapenda binyebwa, mchuzi wetu wa karanga. Huko tafuta karanga iliyosagwa isiyo na sukari wala chumvi, soma kibandiko, nyingine wanatia sukari ukipika inakuwa kama uji wa mtoto. Ikoroge kwanza pembeni na maji ya baridi mpaka iwe laini, usiitie nzito kwenye sufuria ya moto itashikana mabonge. Kaanga kitunguu na nyanya, mimina karanga, moto mdogo, mfuniko uache upenyo maana binyebwa ikipanda inamwagika jiko zima, na uwe unakoroga mpaka chini. Usikimbilie kuonja. Itakaa inatoa povu jeupe na harufu ya ubichi, baadaye povu linakufa, rangi inageuka, na mafuta yanaanza kuonekana juu kwenye kingo, vidoa vidogo vya dhahabu, hapo ndo mimina maharage. Kama umepata samaki wa moshi mvunje umtie humo humo, mkia na kichwa usitupe. Matoke yapo Ridley Road kule Dalston, yapo Peckham kwenye Rye Lane, yapo Brixton, ukimenya jipake mafuta mikononi utomvu usikushike.

Sehemu za kwenda sasa. Panda basi ya ghorofa, kaa juu mbele kabisa pale kwenye kioo, siku hizi nasikia nauli moja unabadilisha mabasi ndani ya saa nzima, wakati wangu haikuwepo. Makumbusho ya wanyama South Kensington mimi nilipofika watu wazima walikuwa wanalipa, Desemba 2001 wakaanza kuingiza bure na mpaka leo ni bure. Pale ukumbini nilimzoea dinosau wao, 2017 wakamtoa wakamtundika nyangumi wa bluu, mifupa mitupu mita 25, unaingia unamkuta juu ya kichwa chako kama anapiga mbizi. Nenda asubuhi, mchana familia zote za London zipo humo. Makumbusho ya Horniman kule Forest Hill nayo ni bure na haina fujo. Wana mnyama wa baharini wa kule kwenye barafu, walrasi, waliomjaza zamani hawakuwahi kumuona akiwa hai, hawakujua ngozi yake ina mikunjo, wakamjaza mpaka akanyooka kama puto. Angalia kwanza kwenye simu kama upande wa wanyama umefunguliwa, walikuwa wanaukarabati. Skating, kuteleza kwenye barafu, pale Somerset House ni hela nyingi, ila kusimama pembeni ukaangalia watu na taa hakuna anayekudai.

Lakini pangu mimi ni Greenwich. Kilima ni bure, ukilipa ni kama unataka kuingia ndani kwenye ule mstari wa longitudo sifuri, watu wanapiga picha mguu huku mguu kule kama sisi pale Kayabwe njia ya Masaka kwenye ikweta. Upepo ukizidi shuka mtoni, kuna njia ya miguu chini ya Thames ya tangu 1902, mita 370 hivi, ndani hakuna upepo, unatembea unasikia viatu vyako tu, unatokea ng'ambo, unageuka unatazama Greenwich yote ulikotoka.

Februari 2, 2009 theluji ilianguka usiku kucha na mabasi yote ya London yakasimama, mji mzima. Nikatoka shifti asubuhi natembea kwa miguu, nikapitia kilima kile kile, nikakuta watu wazima, watoto, wazee wanateleza kwa sinia za chakula, kwa maboksi, kwa mifuko ya taka. Mama mmoja simjui hanijui akanipa kipande cha boksi lake akasema zamu yako. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nimesimama usiku mzima nageuza wagonjwa, nikakaa kwenye boksi nikateremka napiga kelele kwa Kiswahili. Theluji nyingi namna hiyo haiji kila mwaka huko. Ikija usiwe kitandani.

Na siku moja, moja tu maana kiingilio ni ghali, nenda bustani ya mimea ya Kew. Ile nyumba yao ya vioo ya michikichi waliijenga 1844 mpaka 1848, ukifungua mlango joto linakupiga usoni, miwani yangu iligeuka maziwa sioni kitu. Nilipoifuta nikakuta nimesimama chini ya mgomba. Jani limechanika vile vile linavyochanika kwetu, maji yanatona kwenye ncha. Nililia mwanangu, na nilikaa hapo saa nzima nimevua koti, hakuna aliyenifukuza.

Kuhusu kifurushi, nyama kavu usiniombe, za kutoka kwetu huko hawaruhusu, uwanjani wataichukua. Mukene, dagaa wetu, nimekausha, karanga nasaga Jumamosi, unga wa wimbi na muhogo wa kusonga upo, uji wake weka ndimu asubuhi kabla hujatoka. Binamu yako anaondoka Entebbe Jumapili ijayo na begi lake lina nafasi kidogo, kwa hiyo niambie kabla ya Jumatano, unga nimwekee kilo mbili au tatu?

Mama yako