Windows 7 imegoma kusasisha, fundi anasema zima

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina kompyuta ya mezani yenye Windows 7 kwenye stesheneri yangu hapa Morogoro. Tangu ipigwe Windows upya kwa DVD ya zamani, haitaki kusasisha. Inatafuta weee, mwisho inaleta namba 80072EFE. Nimeizima na kuiwasha, nimebadilisha hata mtandao. Fundi wa jirani anasema nizime masasisho moja kwa moja, eti hayana kazi ila kumaliza bando. Nimsikilize?

JIBU: Salama dada. Usimsikilize. Namba hiyo peke yake haimaanishi kwamba mtandao wako ni mbovu au kompyuta yako ina kirusi.

Kila sasisho la Microsoft hubeba sahihi ya kidijitali, yaani alama ya kuthibitisha kwamba limetoka kwao kweli. Zamani sahihi hizo zilitengenezwa kwa njia iitwayo SHA-1, ambayo ilikuja kuonekana dhaifu. Mwaka 2019 Microsoft ikaanza kuhamia SHA-2, iliyo imara zaidi, na 2020 ikazifunga seva zilizokuwa zikihudumia mfumo wa zamani. Windows iliyotoka kwenye DVD yako haina habari na mabadiliko hayo, kwa hiyo inabisha hodi kwenye nyumba iliyokwishahamwa.

Bofya kulia kwenye Computer, fungua Properties, usome kama pameandikwa Service Pack 1 na kama ni biti 32 au 64. Kama Service Pack 1, lile furushi kubwa la masasisho ya Windows 7, haipo, anza nayo (namba yake ya sasisho ni KB976932). Kisha tumia kompyuta nyingine kupakua faili tatu kutoka Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya masasisho, uzilete kwa flashi: KB4490628, KB4474419 na KB3172605. Ziingize kwa mpangilio huo, ukiwasha upya mashine kila baada ya moja. Hiyo ya tatu ni ya mwaka 2016. Inaponya ule ugonjwa wa kutafuta saa nyingi huku svchost.exe, programu ya ndani ya Windows inayoendesha huduma hiyo, ikila prosesa na memori.

Hapa ndipo wengi hukwama: unabofya faili, nayo inaandika kwamba inatafuta masasisho kwenye kompyuta hii, halafu kimya. Chomoa waya wa mtandao, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net stop wuauserv ili kusimamisha huduma ya masasisho, kisha bofya faili tena. Huduma itajiwasha yenyewe, na kwa kuwa hakuna mtandao, haitapotelea kwenye utafutaji. Tazama na saa ya mashine pia. Betri ndogo ya kwenye ubao mama ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka, na hapo hakuna kitakachokubali.

Sasa huyo fundi. Mashine za namna hii naletewa kila wiki, na inaniuma. Mtu amelipa, huduma ya masasisho imezimwa, kompyuta imetulia, anaambiwa imepona. Haijapona, imenyamazishwa. Wengine huweka Windows iliyochakachuliwa ambayo huduma hiyo imeng'olewa kabisa, au programu ya kuongeza kasi inayokuja na matangazo yake. Kazi ni ya nusu saa kwa anayejua, kwa hiyo sioni kisingizio.

Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fedha, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama ambalo kirusi hicho kilipitia, kiitwacho MS17-010, kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Aliyekuwa amezima masasisho hakukipata. Kwenye stesheneri hatari ni zaidi, maana flashi za wateja zinaingia na kutoka kutwa nzima, na vyeti vya watu vimo humo.

Lakini nisikufiche. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na waliokuwa wakilipia muda wa ziada walifikia kikomo Januari 2023. Ukifanya yote niliyoeleza utapata viraka vya zamani tu. Windows 10 nayo imefika mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 2025, basi usikubali kuuziwa kama dawa ya kudumu. Kama mashine ina memori ya GB 4, Linux Mint, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, itakwenda vizuri kwa kuchapa na kutoa kopi. Jaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, uone kama printa yako inatambuliwa. Na kabla ya kugusa lolote, hamisha mafaili ya wateja kwenye diski ya nje.