Ukifundisha Roboti, Usiridhike na Alama za Kwenye Kompyuta

Wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa roboti zinazojifunza huniuliza waanze na hesabu ipi. Nami huwauliza kama wamewahi kukaa na kutazama mkono wa roboti ukishindwa kuokota kikombe. Hesabu utazihitaji, tena nyingi, ila makosa ya roboti yatakufundisha mengi ambayo hesabu hazikwambii.

Programu ya kutambua picha ikikosea, kosa linaishia palepale. Picha inayofuata haina habari nalo. Roboti ikikosea, imeshajisogeza. Kamera yake sasa inaona mahali ambapo mwalimu wake, yaani mtu aliyeionyesha kazi ili imwige, hakuwahi kufika, kwa hiyo inakosea tena, na hatua chache mbele imepotea kabisa. Ndiyo maana mfumo unaweza kupata alama za juu sana kwenye data uliyoitenga kwa majaribio, na bado ushindwe kufungua droo.

Tatizo hili ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alifundisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, kuendesha gari, mradi ulioitwa ALVINN. Kikwazo kikawa udereva mzuri: dereva asiyetoka njiani hampi mwanafunzi nafasi ya kuona namna ya kurudi. Pomerleau akazigeuza picha kimahesabu zionekane kana kwamba gari limekwenda upande, kila moja na usukani wa kulirudisha. Mwaka 2011 watafiti Ross, Gordon na Bagnell wakatoa njia iitwayo DAgger: iache roboti iende yenyewe, kisha mtaalamu aonyeshe lililopaswa kufanywa katika hali hizo ilizojiingiza. Mimi huanzia hapo kabla sijafikiria kukuza mtandao. Muda mfupi wa kuisahihisha roboti pale inapojikwaa hunifaa kuliko kutwa nzima ya maonyesho yasiyo na doa.

Ila kwanza kagua saa. Picha za kamera huchelewa, mota nazo huleta taarifa mara nyingi zaidi kwa sekunde. Ukizipanga kwa jinsi zilivyofika badala ya wakati zilipotokea, utaifundisha roboti kujibu jambo lililokwisha kupita. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna atakayekusifu kwayo. Ifanye tu.

Uigaji kwenye kompyuta, yaani kuifundisha roboti ya kubuni ndani ya programu, una faida zake: hauvunji gia wala hauchoki usiku. Wengi hubadilisha msuguano, uzito na mwanga kwa kubahatisha ili roboti izoee kila hali. Si vibaya, lakini nashauri upime kwanza kinachopimika. Watafiti wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, katika kazi yao ya mwaka 2019 na roboti ya miguu minne ANYmal, walirekodi mienendo ya mota halisi, wakafundisha mtandao uiige, ndipo wakauingiza kwenye uigaji. Roboti halisi ikatembea kwa kile ilichojifunza humo.

Halafu weka kando ya mfumo wako kidhibiti cha kawaida kisichojifunza, hata PID ya mistari michache (kanuni inayosahihisha mwendo kwa kupima umbali kati ya lengo na hali ilivyo), kifanye kazi ileile kwenye roboti ileile. Kikikushinda, ni heri ujue leo kuliko kuambiwa na wakaguzi wa makala yako. Na wakati wa majaribio, kitufe cha kuzima kiwe mkononi mwa mtu, si juu ya meza.