Konsetina ya babu inagombana na gitaa

SWALI: Babu kaniachia konsetina (kinanda kidogo cha mkononi chenye mvukuto) ya zamani ya mfumo wa Kiingereza, vitufe 48. Nikicheza peke yangu iko poa kabisa, ila nikikaa na mwenzangu wa gitaa tunapishana, tyuna (kifaa cha kupima noti) inaonyesha kila noti iko juu karibu nusu ya semitoni (hatua ndogo ya kutoka noti moja kwenda inayofuata). Fundi anataka aipige tupa irudi kawaida. Nimruhusu?

JIBU: Usimpe, nakuomba kabisa. Umesema mwenyewe ukicheza peke yako iko poa, sasa chombo kibovu hakikosei hivyo, kingekuwa noti hii juu ile chini, hicho chako kimepanda chote kwa pamoja maana yake kilityuniwa hivyo tangu mwanzo. Uingereza ya karne ya 19 noti ya A ilikuwa inafika mitetemo kama 452 kwa sekunde, hii 440 ya leo ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Bonyeza A yako mwenzako apige A yake, utasikia sauti inatetemeka wa-wa-wa-wa haraka haraka, ndo hiyo tofauti, kama mara 12 kila sekunde.

Sasa hiyo tupa. Kila kitufe kina ndimi mbili (vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti), moja ya kusukuma mvukuto moja ya kuvuta, kwahiyo ni ndimi 96, na ili zishuke inabidi akwangue kila moja karibu na shina (akikwangua nchani inapanda) na chuma kikishatoka ndo kimetoka. Nyuzi za gitaa je? Unazungusha ufunguo tu. Mwenzako aseti tyuna A iwe 452 halafu atyuni kama kawaida, au kama anaogopa nyuzi kukatika azilegeze zote nusu semitoni kisha abane kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya kwanza, mtakutana hapo hapo.

Halafu angalia kitu kimoja, G# na Ab (kwenye gitaa ni noti moja yenye majina mawili) hapo zina vitufe viwili tofauti, D# na Eb vilevile. Konsetina nyingi za zamani hizo noti zilityuniwa zipishane kidogo kwa makusudi ili kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) zitulie vizuri. Jaribu E na G#, kisha E na Ab, sikiliza ipi imetulia. Fundi asiyejua hilo ataona kosa na atalisawazisha.