Amplifaya ndogo ya wati 100 au ya mtumba ya wati 40?

Ndugu, kati ya ile amplifaya ndogo mpya iliyoandikwa 2×100W na ya zamani ya mtumba ya 2×40W, kwa spika zako za omu 8, usidanganyike na hiyo 100. Soma adapta yake: volti 24 kwa ampea 4.5 ni wati 108 tu, tena kwa pande zote mbili. Na kwenye omu 8, volti 24 hazitoi zaidi ya wati 36 kila upande. Sauti safi huishia karibu na 30. Kwa hiyo nguvu zao zinakaribiana. Hata wati zikiwa maradufu, unaongeza desibeli 3 tu, yaani sauti inapanda kidogo.

Ningechukua ya mtumba, mradi ipite kipimo kimoja. Iwashe bila spika, subiri dakika 10, kisha pima volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye sehemu za kuchomekea spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikikaribia volti nzima iache kabisa, maana ni dalili ya hitilafu ndani yake, na volti hizo zikizidi kupanda zinaweza kuunguza koili za spika. Mkwaruzo unapozungusha kitufe cha sauti mara nyingi ni uchafu tu, huondoka kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Upande mmoja ukikatikakatika, mara nyingi ni relei (swichi ya ndani inayounganisha spika) imechakaa, nayo hubadilishwa.

Ukiamua ile ndogo, usiunganishe kamwe nyaya hasi za spika mbili pamoja: kwa kawaida hasi ya aina hizo si ethi, nayo hubeba sauti. Chipu inaweza kuungua papo hapo.