Maswali ya Wasomaji: Karatasi ya picha ya ubongo inasema nini hasa?

Mama ana miaka 71, anauza vitumbua. Tangu mwaka jana anatia hamira mara mbili, anauliza jambo lile lile, na juzi alipotea njia akirudi kutoka soko la Mgandini. Amepigwa CT (eksirei ya vipande vipande), karatasi imeandikwa "ubongo umesinyaa kulingana na umri". Ni Alzaima? Tumpeleke Dar akapige MRI (picha ya sumaku)? (Msomaji wa kike, Makorora, Tanga)

Dada, pole kwa kuuguza. Maneno hayo hayathibitishi kitu wala hayakanushi. Ubongo wa mtu wa miaka 70 lazima uwe umepungua kidogo. La kuuliza ni umepungua wapi. Alzaima aghalabu huanzia kwenye hipokampasi, kinyama cha kumbukumbu kilicho upande wa ndani wa ubongo, usawa wa masikio. Kiko kimoja kila upande, urefu kama sentimita 4, ujazo takriban mililita 3. Kijiko cha chai hakijai.

CT ya kawaida huukata ubongo kwa ulalo, vipande vya milimita 5. Ukate mkate wa kumimina vipande vinene namna hiyo, kisha umtafute mtu wa kukuambia zabibu moja ina ukubwa gani! Hipokampasi hupitiwa na vipande viwili vitatu tu, tena kwa mshazari. Kwa hiyo kabla ya nauli ya Dar, rudini mlikopigia, mwombe picha zikatwe upya kwa wima, kutoka sikio hadi sikio. Mama hahitaji kurudi kitandani, kwani mashine nyingi huhifadhi vipande vyembamba. Lakini hufutwa baada ya siku chache, basi wahini, na mwombe CD badala ya karatasi peke yake. Daktari wa picha ana alama za 0 hadi 4 za kusinyaa kwa sehemu hiyo. Kwa aliye chini ya miaka 75, alama ya 2 na kuendelea haisingiziwi umri.

Hata hivyo, kazi kubwa ya CT ni kutafuta kinachotibika. Mama alianguka au kujigonga kichwa miezi ya karibuni, hata kidogo? Kwa mzee, damu huweza kuvuja taratibu chini ya utando wa ubongo kwa wiki kadhaa. Huonekana kama hilali kando ya fuvu, na hutolewa kwa tundu dogo. Au je, anaburuta miguu na mkojo unamponyoka? Pengine ni maji ya ubongo yamezidi, nayo yana matibabu. Damu yake ipimwe vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, figo, VVU na kaswende. Na mfuko wake wa dawa umwagwe wote mezani: amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva) na vidonge vya mafua vya kusinzisha huwasahaulisha wazee vibaya sana, na mara nyingi hakuna aliyekumbuka kuvitaja.

Kumbukumbu yenyewe haipimwi kwa mashine. Kuna kipimo kilichotokana na utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, kisichohitaji kujua kusoma: maneno kumi ya kukumbuka, kutaja wanyama kwa dakika moja, kupanga vijiti vinne vya kiberiti kama alivyoonyeshwa. Mwombe daktari wa hospitali ya Bombo aanzie hapo. MRI ikihitajika baadaye, fomu itaje wazi aina za picha: T1 ya pande tatu yenye vipande vya milimita 1, FLAIR, na picha ya kuonyesha vidoa vya damu. Fomu iliyoandikwa "MRI ya ubongo" tu huweza kuwarudishia vipande vile vile vinene, kwa bei ya juu zaidi. Na ikitoka safi, ugonjwa ulio mwanzoni bado unawezekana.

Tunasoma kwamba ng'ambo wanauona ugonjwa huu miaka mingi kabla ya dalili. Wanauonaje, na mbona hapa Tanga hatuna? (Mwanafunzi wa uuguzi)

Kwa PET, picha inayofuata dawa yenye mionzi mwilini. Protini ya amiloidi huanza kujikusanya ubongoni kama miaka 15 hadi 20 kabla ya usahaulifu, na MRI haiioni. Hudungwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo inayong'ang'ania amiloidi, kisha kamera husoma imetuama wapi. Dawa ya kwanza kufanya hivyo vizuri kwa binadamu, Pittsburgh Compound B, matokeo yake yalichapishwa 2004. Inatumia kaboni-11, ambayo kila dakika 20 hupungua nusu. Ipakie Dar: ikifika Chalinze baada ya saa mbili, imebaki sehemu moja kati ya 64. Ndiyo maana ikatafutwa ya florini-18, inayopungua nusu kila dakika 110. Mojawapo iliruhusiwa Marekani 2012. Hiyo kwa safari ya saa tano na nusu kupitia Segera ingefika Tanga imebaki moja ya nane. Hapo mashine ya kuitengeneza na kamera ya kuisoma tumezihesabu kuwa zipo.

Amiloidi peke yake isikutishe, maana wapo wazee wenye akili timamu wanayo. Protini nyingine ya ugonjwa huu, tau, ndiyo inayoenda sambamba zaidi na dalili.

Njia nyingine ya watafiti ni kurudia MRI kila mwaka. Hipokampasi ya mzee mzima hupungua kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka, ya mwenye Alzaima asilimia 3 hadi 5. Asilimia 4 ya mililita 3 ni kama matone mawili ya maji. Ukibadilisha mashine, au mgonjwa akigeuza kichwa, matone hayo yamepotea.

Baba anatetemeka mkono wa kulia, daktari anasema Parkinson, lakini MRI ni safi. Wanataka kuirudia, naye ana chuma mguuni cha ajali ya bodaboda. (Msomaji, Muheza)

MRI ya kawaida kuwa safi ndiyo kawaida ya Parkinson. Hutumika kuondoa kiharusi na uvimbe. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa wepesi uliopotea mkononi, ukakamavu wa viungo na jinsi anavyoitikia levodopa, dawa ya Parkinson. Muulizeni daktari anatafuta nini kipya kabla ya kulipa.

Chuma cha mfupa kwa kawaida hakizuii, ila kitajwe. Cha hatari ni betri ya moyo, klipu za zamani za mishipa ya ubongo, na vumbi la chuma machoni kwa aliyewahi kuchomelea. Pini, hirizi yenye kasha la bati na meno ya bandia vibaki nje. Akojoe kwanza, azibe masikio. Dawa yake anywe kwa saa yake, kwani mtetemeko ukifika kichwani picha zote hutoka na ukungu.